Saidia Kikundi, Usitoe Shilingi

Hongera, ofisa. Umepangiwa Omugo, gombolola ya Uganda, na kabla wiki haijaisha vikundi vitakuwa mlangoni: akina mama wa akiba na sanduku lao la kufuli tatu, vijana wa miche, kamati ya kisima. Usitishike. Kuwasaidia si kazi, mradi ujue pa kusimama picha inapopigwa.

Kwanza, dai karatasi. Katiba, kumbukumbu za kikao, picha za paspoti za viongozi, barua ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji. Wakileta zote, ng'ang'ania barua. Iinue kwenye mwanga wa dirisha, kunja uso, sema kwa upole: "Mama, tarehe ya muhuri haisomeki." Na kweli haisomeki, maana kidau cha wino kimekauka na mwenyekiti hutia mate. Warudi kwake. Wakinung'unika kwamba wiki ya tatu hii, wakumbushe kuwa uchaguzi wa LC1 wa 2018 ulikuwa wa kwanza tangu 2001. Nani aliwaambia serikali ina haraka?

Pili, pesa. Hapa kuwa makini, kwa sababu sheria haiko upande wako. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 inaitaka gombolola ibaki na asilimia 65 ya mapato inayokusanya vijijini, na robo ya hizo iende kijijini. Isome vizuri, kisha iweke juu ya kabati, chini ya mabango ya mwaka jana. Akitokea mjuaji akauliza, mjibu kwamba mwaka huu soko lilikuwa baya, na robo ya kidogo ni kidogo zaidi. Akikazana, msukumie kwenye Mpango wa Maendeleo wa Parishi, ule wa shilingi milioni 100 kwa kila parishi uliozinduliwa 2022. Pesa ni za Kampala, lakini mbuzi watakaonunuliwa wahesabu kwenye ripoti yako.

Tatu, wakimbizi. Tangu 2017 Omugo ina makazi ya ndugu zetu wa Sudan Kusini, tawi la Rhino Camp, wenye mabaraza yao wenyewe. Ukipata kikundi kinachochanganya wenyeji na wakimbizi, kikumbatie. Kikitaka mtaro, hilo ni jambo la Ofisi ya Waziri Mkuu, inayoshughulikia wakimbizi. Mfadhili akija na gari jeupe, hicho ni kikundi chako, umekilea tangu utotoni. Kama kina ngoma, bora zaidi. Ngoma ikilia hakuna anayeuliza maswali.

Nne, hudhuria vikao. Cha saa nne, fika saa saba. Utakuta wako chini ya mwembe, wameshachanga, wameshagawana zamu, wengine wanafunga sanduku. Kifungue kikao hivyo hivyo. Saini kitabu cha wageni kwa herufi kubwa, kunywa soda, omba radhi kwamba unawahi kikao kingine.

Tano, vuta subira. Kamati ya kisima itachoka kukungoja, itapitisha daftari nyumba kwa nyumba, itanunua bomba na kumwita fundi. Ukisikia pampu imeanza kutoa maji, usichelewe tena. Nenda na utepe na mkasi wako. Kikundi hakina fungu la vitu hivyo.