Kamati ya Sabini

Ukitaka kujua Lubumbashi inampenda mshairi wake kiasi gani, usiwaulize wasomaji. Omba daftari la matumizi. Mimi ninalo, kwa sababu kamati ya kusherehekea miaka sabini ya Mzee wetu ilinipa kazi ya kuandika mahesabu, kwa hoja kwamba si mimi ndiye mwandishi? Basi nimeandika. Vikwembe vya sare: dola. Hema na viti: dola. Kasiye za bia ya Simba: dola nyingi. Mbuzi wawili, na nauli ya mbuzi: dola. Chini kabisa, kwa amri ya Mama Prezidanti wa kamati: “Mashairi – tutaona.”

Mzee mwenyewe simtaji, hapendi kutajwa. Anakaa Katuba, na karibu kila anayejiita mshairi mjini hapa amepita barazani kwake na daftari kwapani. Unamsomea, yeye anamenya karanga. Ukifika mahali ulipojipenda sana, anasimamisha karanga: “Kijana, hili neno linafanya kazi gani hapa? Lilipe kodi au lihame.” Kwake nimehamisha vivumishi vya kutosha kuanzisha komuni nyingine. Sijawahi kumlipa hata franga moja, na ndiyo maana kotizasio, yaani michango, ilipotangazwa sikuwa na mdomo wa kukataa.

Alikua wakati mzuri, Mzee. Mwaka 1971 serikali iliunganisha vyuo vikuu vya nchi nzima kuwa kimoja, na fasihi ikaletwa huku kwetu. Mji wa shaba ukaamka umejaa watu wa vitabu: Mudimbe, Ngal, Kadima-Nzuji. Mudimbe na Ngal walikuwa na Éditions du Mont Noir, wakichapisha vijitabu vya mashairi vyembamba hivi, na Mudimbe akatoa humo chake, Déchirures, yaani “Michaniko”, mwaka uleule wa 1971. Mzee, kijana wa shule, akaviona, akapata homa. Mwishoni mwa miaka ya sabini akapiga chake mwenyewe kwa roneo, kurasa zimebanwa kwa pini mbili. Hicho ndicho kitabu tunachokisherehekea. Nani anacho, hilo ni swali lingine.

Kwanza jina la kuandika kwenye kaliko, lile bango la kitambaa. Mwaka 1972 Mobutu alipofuta majina ya ubatizo, Mzee naye aligeuzwa. Kijitabu kina jina la enzi hizo. Watu wa parokia wanamjua kwa jina la padri. Ukoo wanalo lao, la babu, na hawataki mzaha. Mudimbe alikuwa na bahati: Valentin-Yves akawa Vumbi Yoka, V. Y. zikabaki palepale, kaliko yake usingeibadili hata herufi. Ya Mzee ilibidi ibebe majina yote matatu, ndipo ukoo, parokia na wasomaji wakakubali kukaa chini ya hema moja. Mita sita. Na mchoraji wa kaliko hutoza kwa mita.

Kisha tarehe. Mudimbe alizaliwa tarehe 8 Desemba 1941, Jadotville, Likasi ya leo. Kila kitu kiko wazi, unaweka mshumaa unapuliza. Karatasi za Mzee zinasema alizaliwa “karibu 1956”. Sasa “karibu” unaikatia keki siku gani? Wengine walitaka Desemba, kwa heshima ya Mudimbe. Nikawauliza kama wamewahi kuona Desemba ya hapa, mvua ikipiga hema. Tukachagua Jumamosi ya Juni. Juni hakuna tone la mvua, lakini tuko mita zaidi ya elfu moja na mia mbili juu ya bahari, na jua likizama baridi inakung'ata masikio. Ilipofika saa kumi na mbili na nusu kila mtu alikuwa amevaa koti juu ya kikwembe cha sare. Vikwembe vilivyokula nusu ya kasha vilionekana na mafundi waliovishona tu.

Kitabu nilikitafuta mimi, kwa miguu yangu. Wauza vitabu vya mtumba mjini walinionyesha Biblia, kamusi, na mwongozo wa kompyuta ambayo hata majumba ya makumbusho hayana. Mmoja akaniambia, “Papa, mshairi wa Lubumbashi? Huyu hapa,” akanipa Tram 83 ya Fiston Mwanza Mujila. Kweli ni mtoto wetu, amezaliwa hapa 1981, na mashairi anaandika pia. Lakini anaishi Graz, Austria, na wengi wetu tulianza kumwita mtoto wetu riwaya ile ilipopata tuzo ya Etisalat ya mwaka 2015. Ndiyo desturi yetu: mtu aende mbali kwanza, au afe. Mudimbe alipofariki Marekani Aprili 2025, simu yangu ilijaa rambirambi kutoka kwa watu ambao wakikiona Déchirures watadhani ni karatasi ya daktari.

Mwishowe nakala ilipatikana kwa mstaafu mmoja wa reli, huko Kamalondo. Wino umekuwa rangi ya chai, pini zimeota kutu hadi zikatoboa jalada, na pembeni mwa kurasa kuna hesabu za deni la mtu. Alikataa kuniazima. Alikataa hata nikipige picha. Atakuja nacho mwenyewe, akae meza ya mbele, asome mwenyewe. Mama Prezidanti akauliza meza ya mbele inamhusu nini. Nikamwambia, Mama, huyo ndiye msomaji. Tunaye huyo tu.

Siku yenyewe hotuba zilikuwa nyingi, na kila mzungumzaji alianza kwa kusema atakuwa mfupi. Kisha ukoo wakaleta mtu wa kasala. Kasala, mashairi ya kusifu ukoo, ni jambo kubwa la Waluba, si la kubeza. Clémentine Faïk-Nzuji aliliandikia kitabu kizima, kikachapishwa hapa hapa Lubumbashi mwaka 1974. Ila jina la babu yako likitajwa, mfuko wako lazima uitike. Yule bwana alijua mababu wa watu wote wenye magari. Pesa zikaingia kikapu ambacho mpaka leo hakimo katika daftari langu.

Mstaafu alipewa dakika tano, jenereta ikikohoa. Akasimama, akafungua kijitabu, halafu hakukitazama tena. Alikijua chote kwa kichwa. Watu wakaacha hata kutafuna. Katika shairi la tatu Mzee akainua mkono kutoka meza ya mbele:

“Ruka neno hilo, ndugu. Nililifuta.”

“Lini, Mzee?”

“Sasa hivi.”

Hapo nilisahau kidogo bei ya kaliko.

Tungefunga vizuri, lakini dada yake mkubwa alikuwa amefika jioni ileile kutoka Kamina, na wazee wakitaka maikrofoni huwezi kuwanyima. Akasoma ile kaliko taratibu, mita zote sita, akauliza sabini imetoka wapi. Siku Tshombe alipotangaza Katanga imejitenga, akasema, huyu alikuwa mgongoni kwangu, hata jino moja hana.

Tarehe 11 Julai 1960. Nikaona watu wakihesabu kwa vidole chini ya meza. Sitini na sita.

Mama Prezidanti hakupepesa macho. Alichukua maikrofoni, akamshukuru dada, akasema basi kamati haivunjwi: sabini ya kweli iko mbele, miaka minne si mingi, kotizasio inaanza mwezi ujao, na mwandishi ni yuleyule. Mzee, ambaye alikuwa ametoka kurudishiwa miaka minne ya bure, ndiye aliyepiga makofi wa kwanza.