Kifungu cha 220 Kiombe Radhi

Kifungu cha 220 cha katiba ya DRC kinakataza kubadili idadi na urefu wa mihula ya rais. Mihula miwili ya miaka mitano inamtosha nani? Mobutu alikaa tangu 1965 hadi 1997, akaondoka kazi ingali mbichi. Muhula wa Joseph Kabila ulikwisha Desemba 2016. Akabaki hadi Januari 2019, maana uchaguzi mzuri hautaki haraka. Bunge la Uganda lilifuta ukomo wa mihula 2005, wa umri 2017, na watoto wa kule hawasumbuliwi kukariri majina ya marais. Rais wetu Tshisekedi naye, akiwa Kisangani Oktoba 2024, aligundua kuwa katiba yetu iliandikwa ugenini, na wageni. Pole zake: ilimwapisha mara mbili bila kumwambia. Huku mtaani kwetu Kasungami, mkataba ukiisha mpangaji hufungasha. Lakini yule hulipa kodi ya nyumba.