YAH: Maombi ya Kuthaminiwa kama Beki Mkongwe

Kwa Ligi ya Taifa ya Hoki (NHL),
New York.

Husika na kichwa cha barua hapo juu. Mimi ni dereva wa lori, miaka 52, mkazi wa Louisville, mji usio na timu katika ligi yenu. Barabara ya I-71 inaanzia hapa kwetu. Huipanda kupita Columbus hadi inapoishia, kisha naambaa Ziwa Erie mpaka Buffalo, na kwa kuwa redio ya lori haichagui msikilizaji, hoki nimeijua bila kukanyaga barafu kwa hiari.

Aliyenifanya nishike kalamu ni David Savard. Alikuwa beki wa Columbus, kitasa hasa, yule anayejilaza mbele ya kisahani ili kimuumize yeye kisiingie golini. Aprili 2021 alikuwa na miaka 30 na bao moja tu kibindoni msimu huo. Mtaani kwetu angeambiwa akanoe watoto. Ninyi mkamwona lulu. Zikiwa zimebaki siku mbili dirisha lifungwe, Tampa Bay wakamtaka, ila dola milioni 4.25 zake zilikuwa hazienei kwenye kikomo chenu cha mishahara. Basi Columbus wakabeba nusu. Detroit, ambao hata hawakumhitaji, wakabeba robo, ujira wao chaguo la raundi ya nne (zamu ya kumchagua chipukizi). Tampa wakabakiwa na robo. Columbus wakapewa chaguo la raundi ya kwanza na jingine la raundi ya tatu, yaani vijana wawili ambao siku hiyo hata majina hawakuwa nayo.

Nimekaa Kariakoo, madalali nawajua. Muuzaji anayeendelea kumlisha ng'ombe zizini kwa mnunuzi sijamwona.

Na mkongwe akalipa! Julai 7, pasi yake ikazaa bao la Ross Colton, pekee usiku ule, na Tampa wakabeba Kombe la Stanley mbele ya Montreal. Lile chaguo la raundi ya kwanza? Mwezi huohuo Columbus wakalitia kama nyongeza walipomuuza beki Seth Jones kwa Chicago. Buffalo nao wakamwachia beki wao Rasmus Ristolainen: misimu minane, mechi zaidi ya 500, ya mtoano hakuna hata moja. Philadelphia wakamtolea beki mwingine, chaguo la raundi ya kwanza na la pili.

Sasa shida yangu. Mwezi uliopita bosi aliniita "mzee wetu wa kuaminika", nikajua yameniishia. Nikakabidhiwa kijana wa miaka 23 nimwelekeze njia ya Buffalo. Nikamfundisha kwamba theluji ya ziwani haishuki, inakuja ubavuni. Siku ya nne akaomba funguo. Nikampa, na kitambaa changu cha kufutia kioo. Tangu hapo nahamisha matrela uani, mshahara pungufu.

Naomba basi mnitangaze sokoni. Kampuni yangu ibebe nusu ya mshahara, ya Detroit ibebe robo (wana moyo, tumeona), na atakayenichukua amalizie. Ikibidi kuongeza chaguo, nina kijana wangu wa mwisho. Raundi ya tatu hivi. Ana kipaji, ila kuamka ni mtihani.

Wako katika ujenzi wa taifa lolote litakalowahi dirisha,
Dereva, jozi ya tatu,
Louisville.