Mkuki kwa Nguruwe

Tangu 1997, katuni ya Kimarekani South Park imewagawa watazamaji makundi mawili: wanaosema ni matusi matupu, na wale ambao dini yao haijaguswa bado. Waundaji wake, Trey Parker na Matt Stone, wamewachokoza Wakristo, Wayahudi na Waislamu, na kila kundi huangua kicheko mpaka zamu yake ifike. Mwaka 2006, Sayantolojia nayo ikiwa imeshaonjeshwa, ilitangazwa kwamba Isaac Hayes, sauti ya mpishi wa katuni hiyo na mfuasi wa imani hiyo, amejitoa. Utani umevuka mipaka, eti. Wamormoni ndio walioonyesha ujanja: walipotungiwa tamthilia nzima ya kuwadhihaki, walilipia tangazo la kitabu chao ndani ya kijitabu cha maonyesho. Kumbe hata tusi lina nafasi ya matangazo.