Heko, Bibi Funza

Wengine wausifu mkorosho. Mimi namsifu funza, hasa aliyepanga kati ya vidole vya Simba, mbwa wangu anayelinda shamba hapa Lukuledi. Ukoo wake ni wa mbali: mwaka 1872 meli iitwayo Thomas Mitchell ilimtoa Brazil ndani ya mchanga wa kuipa uzito, ikamshusha Ambriz, Angola. Karne haijaisha, alikwishafika pwani yetu. Bara zima kwa miguu, na miguu yenyewe si yake.

Lakini sifa yake kuu ni kutulia. Dume lake ni mhuni tu, hunyonya damu akaenda zake. Jike ni mtu wa makazi. Ana milimita moja, huchagua kiwanja laini kando ya ukucha, huingia kwa kichwa, na tangu hapo hahami mpaka kufa. Hakuomba hati, hakupimiwa na bwana ardhi, wala hakupeleka barua kwa mtendaji. Nyumba huipanua kwa tumbo lake mwenyewe mpaka anakuwa kama punje ya mbaazi. Nje huacha tundu moja, kile kinukta cheusi juu ya uvimbe mweupe, na tundu hilohilo ndilo pua, choo na wodi ya wazazi: hapo hupumua, hapo hujisaidia, hapo hudondosha mayai mia na ushei mchangani. Nionyesheni jengo la serikali lililobana matumizi hivyo.

Mengine nayapitia mbio. Hustawi kiangazi, msimu wa korosho, kwa hiyo ni mkulima mwenzetu. Ni rafiki wa nyani: Simba akishinda anajilamba, akitembea kwa miguu mitatu, wao hushuka kula mabibo bila haraka. Ana heshima ya kimataifa pia, maana Shirika la Afya Duniani lilimwingiza mwaka 2017 katika magonjwa yaliyokuwa hayapewi kipaumbele.

Kipaumbele! Nilimpeleka Simba kwa bwana mifugo, nikaambiwa nisubiri chanjo ya kichaa, kana kwamba mbwa hana ruhusa ya kuugua kitu kingine. Mtoto wa jirani naye alipelekwa zahanati vidole vimevimba. Mama yake akaambiwa mbele ya foleni nzima kwamba ni mchafu, akamwagie maji sakafu. Sakafu ya vumbi, na maji ya kununua kwa ndoo! Mama yule si mchafu, jamani. Hana saruji. Na hakuna aliyemwuliza kama nyumbani kuna mbwa. Dawa ipo, mafuta ya dimetikoni, huziba lile tundu funza akakosa pumzi. Mama yule alirudi na pini ya kuazima. Jioni mtoto alikuwa anacheza kwenye mchanga uleule anakolala Simba.

Mtoto ni wa afya, mbwa ni wa mifugo, mchanga hauna mwenyewe. Mkorosho ukipata ubwiriunga, salfa huja kwa malori, kwa kuwa mkorosho unalipa ushuru.

Funza ndiye mtumishi pekee anayehudumu idara zote mbili, ya afya na ya mifugo, bila posho wala barua ya rufaa. Nafasi ya mratibu ikitangazwa nitampigia debe, ingawa najua hatakubali uhamisho.