Bahasha ya Kaki Juu ya Kabati

Mume wangu alianza kutunza stoo kwenye ghala moja la Barabara ya Nyerere, hapa Dar es Salaam, kifungua mimba wetu akiwa bado anatambaa. Kijana huyo sasa yuko kidato cha kwanza. Kwa hiyo meneja mpya alipoanza kumnyang'anya kazi kidogo kidogo, maumivu yalitufikia sote. Kwanza zilichukuliwa funguo. Kisha akaondolewa kwenye kundi la WhatsApp la idara. Mwisho akapewa kiti karibu na geti, akae tu, bila daftari wala mzigo wa kupokea, huku vijana aliowafundisha mwenyewe kuhesabu shehena wakimpita. Siku moja afisa utumishi akamwita pembeni: "Mzee, wewe ni mtu wa heshima. Andika barua mwenyewe uache kazi, utoke vizuri."

Maneno hayo ndiyo yaliyoleta vita nyumbani kwetu Mbagala.

Wifi yangu alitaka aache siku ileile. "Kaka anakonda," alisema. "Pesa inatafutwa, uzima hautafutwi." Alikuwa ameshaona fremu ya kukodi, wafungue duka la misumari na rangi. Mimi nilitaka asubiri. Kodi ya nyumba tunalipa miezi sita kwa mkupuo, ada ya shule ilikuwa inakaribia, na kwenye mchezo wetu wa akina mama zamu yangu ilikuwa bado. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Muheza kutibiwa macho, alitusikiliza wote na hakutia neno.

Lakini nisimtendee wifi isivyo haki, kwa sababu alichokiona nilikiona pia. Wanaosema "vumilia tu" hawajamwona mtu mzima akirudi nyumbani hajachoka, halafu akaona aibu kwa kutochoka. Mume wangu alikuwa akiamka saa nane usiku na kukaa sebuleni bila kuwasha taa. Watoto wakimuuliza habari za kazini, anawauliza habari za shuleni.

Jumapili moja akaenda steshenari, akachapishiwa barua, akaitia kwenye bahasha ya kaki na kuiweka juu ya kabati. Hakujadiliana nami. Alisema tu, "Kesho naipeleka."

Kesho yake alfajiri bahasha haikuwepo. Tuliinua godoro, tukavuta kabati, tukamwaga mikoba ya watoto sakafuni wakiwa wameshavaa sare. Gari la shule likapiga honi, likaondoka. Mume wangu, ambaye sijawahi kumsikia akimfokea mtu, akamgeukia binti wa kazi na kumwuliza ameitupa wapi. Yule binti akalia kwa kwikwi, akiapa kwamba hajagusa karatasi yoyote. Niliumia sana. Kosa la ofisini lilikuwa limekuja kumwangukia mtoto wa watu jikoni kwangu.

Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka, amemaliza kuswali. Akafungua pindo la kanga yake, akatoa bahasha iliyokunjwa mara nne.

"Msimlize mtoto. Ninayo mimi."

"Mama!"

"Baba yako aliacha kazi ya mkonge kwa hasira ya nyapara," akamwambia mwanawe. "Aliondoka na panga lake tu. Wenzake waliongoja wakaondolewa, walilipwa. Mwombe radhi huyu binti kwanza, ndipo tuzungumze."

Akamwomba radhi, mbele yetu sote.

Jioni akaja kaka yangu, ambaye aliwahi kuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi. Alisoma ile barua mara mbili. Ilisema mume wangu anaacha kazi "kwa sababu binafsi" na kuishukuru kampuni kwa ushirikiano. "Shemeji, maneno haya nani alikupa?" Kumbe yalitoka kwa afisa utumishi yuleyule.

Kaka akatueleza taratibu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi 12 kiinua mgongo kisichopungua siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Kwa mume wangu hizo ni siku 70. Lakini hulipwa pale mwajiri anapomwachisha, tena asiwe amefukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu. Fao la kukosa ajira la NSSF nalo halimhusu aliyeacha kwa hiari yake.

"Na kama wamenilazimisha?" mume wangu aliuliza.

Hilo sheria inalitambua: mwajiri akifanya kazi isivumilike hadi mtu akaacha, huyo huhesabiwa ameachishwa. Lakini ni yeye mfanyakazi anayetakiwa kuthibitisha, na lalamiko lifike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. "Sasa umeandika sababu binafsi," kaka alisema, "na umewashukuru. Utathibitisha nini?"

Mume wangu alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia: kilichomkera zaidi ya kiti cha getini ni kwamba alikuwa karibu kutia sahihi uongo. Hakuwa na sababu binafsi yoyote. Kazi anaipenda.

Tangu hapo anasubiri, na kusubiri kwake ni kazi. Anawahi ili wasimpate na kosa la uchelewaji. Kila jioni anaandika kwenye kaunta buku nani alimwambia nini, saa ngapi, mbele ya nani. Wifi bado hakubaliani nasi na fremu hajaiachia. Anasema daftari halitamshusha presha kaka yake. Simlaumu, na nimemwomba mume wangu akapime kila wiki.

Ijumaa ilitoka notisi ya kupunguza wafanyakazi, na sheria inamtaka mwajiri azungumze nao kwanza. Kikao ni Jumatatu. Kaka amemwandikia maswali ya kuuliza: wanapunguzwa wangapi, kwa kigezo gani, na likizo ambazo hakuwahi kwenda zitalipwaje. Mimi nimeongeza la kwangu chini yake: mtunza stoo aliwekwa getini kwa barua ya tarehe ngapi?