Kusi na Kaskazi Ndani ya Sanduku la Kioo

Mtu aliyezaliwa pwani aghalabu hauhesabu mwendo wa maji kuwa ni neema, maana hajapata kuamka akaikuta bahari imesahau kujaa na kupwa. Kusi ikiondoka huja kaskazi, maji mafu yakipita huja bamvua, na mkondo unaoufuata mwambao wetu kuelekea kaskazini hupita mwaka mzima bilashi, pasipo kudai ijara. Aliyenifunza thamani ya neema hiyo ni shemeji yangu, mume wa dada yangu, mzaliwa wa Unguja na mkazi wa Birmingham, mji wa Uingereza ulio mbali na bahari kwa kila upande. Kwani yeye huilipia kila mwezi katika ankara ya umeme.

Ukumbini mwake limesimama sanduku la kioo lenye lita 300 za maji ya chumvi, na humo anafuga matumbawe. Chumvi yenyewe huinunua kwa ndoo, akaikoroga katika maji yaliyosafishwa, takriban gramu 35 kwa kila lita, hata ikawa mtu aliyekulia kisiwani sasa anaipika bahari kwa mwiko. Lakini hiyo ndiyo kazi nyepesi. Tumbawe, ingawa wengi hulidhani kuwa ni jiwe, ni jamaa ya wanyama wadogo wasio na miguu, wasioweza kukifuata chakula wala kuukimbia uchafu. Sharti maji yawaletee riziki na hewa, kisha yawachukulie taka zao. Maji yakituama, hewa hupungua, uchafu huwatulia miilini, na pembeni hutanda utando mwekundu wenye utelezi ambao dada yangu hawezi kuuonyesha kwa wageni.

Dhana ya kwanza ya shemeji ilikuwa kwamba nguvu ndiyo kila kitu. Akafunga pampu moja kubwa, iliyotupa mkondo ulionyooka hata ukachimba shimo katika mchanga upande mmoja na kujenga kichuguu upande wa pili. Tumbawe lililokaa usoni pa mkondo likanyofolewa nyama hata mifupa yake myeupe ikaonekana, ilhali nyuma ya mawe maji yalilala usingizi wa pono. Hapo ndipo alipofahamu kwamba mwamba hautaki nguvu tu, bali hutaka vurugu: maji yaje kutoka huku, yakutane na yatokayo kule, yagombane, yageuke. Wafugaji wengi hukadiria kwamba maji yote yazungushwe mara 20 hadi 40 kwa saa, kwa kadiri ya aina ya matumbawe, na kwa sanduku lile hesabu hiyo haipungui lita 6,000. Akaweka pampu mbili zinazotazamana kwa upogo, zikipokezana zamu, na ya tatu ndani ya birika lililofichwa kabatini, ya kupandisha maji kwa bomba. Basi anemoni, ambaye ni mnyama wa kuhama akiona makao hayamridhii, akahama usiku hadi kinywani mwa pampu, na asubuhi tukanywa chai tukivitazama vipande vyake vikizunguka kila pembe ya sanduku. Dada yangu akakiri kwamba mzunguko sasa umetimia.

Kisha Mama akaja kututembelea kutoka Unguja, akatandikiwa ukumbini. Usiku wa manane, akiwahurumia samaki wasiopata usingizi kwa ule mvumo, alisoma bismillahi akazima swichi zote, kwani karatasi iliyokataza jambo hilo ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza. Mdomo wa bomba ulikuwa umezama kina kirefu. Kwa hiyo pampu ilipotulia, maji yakajivuta yenyewe kurudi njia ile ile yaliyopandia, birika la chini likafurika, kabati likalowa, zulia likalowa, na kabla ya alfajiri jirani wa ghorofa ya chini alibisha hodi kwa adabu kubwa, akasema kwamba mvua ameizoea, ila hii ina chumvi.

"Hata samaki hulala, mwanangu," Mama alimwambia shemeji.

"Lakini baharini, Mama, maji hayazimwi," alijibu kwa heshima.

"Basi mngaliwaacha huko huko baharini."

Shemeji hakuwa na hoja ya pili, akaenda kutafuta tambara.

Nawe msomaji, ukiingiwa na hamu ya kumiliki mwamba ukumbini, usinunue tumbawe hata moja kabla ya kuyapatia maji mwendo wake. Toboa kitundu katika bomba la kurudishia maji, chini kidogo tu ya uso wa maji, kusudi pampu ikizimika kiingize hewa na kuukata mvuto. Acha nafasi ya kutosha katika birika la chini. Zivike pampu wavu. Na karatasi ya kukataza kuzima swichi iandike kwa lugha ya mama mkwe wako.